Akitoka buloko, nani anamungojea mlangoni?

Maneno tuliyosoma mbele ya vijana wa Kindu. Tumeyaweka hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.

Tunasema pia na akina mama na akina papa wenye walikuja kukaa kule nyuma. Ninyi ni wazazi wetu, na mambo ya leo yanawagusa ninyi kuliko sisi.

Wengi walifikiri tutasema juu ya barabara. Ama umeme. Tutarudia hayo, musiogope, barabara haitatengenezwa kesho. Leo tunasema juu ya watu wenye wanatoka buloko wakiwa na ugonjwa wa vidonge vya tramadol. Tulipotangaza mkutano huu, kuko wenzetu walituandikia: "Harakati ya raia iko na kazi gani na bashege?" Tunawajibu mbele ya wote. Kwanza, hao munaowaita bashege walisoma na ninyi kalasi moja. Pili, katika harakati hii kuko wengi wetu tulishalala buloko, na tuliona kwa macho yetu nani anatetemeka usiku. Tatu, tuko na deni. Hilo la tatu ndilo limetuleta hapa.

Tulikuwa na mwenzetu. Jina lake hatutalisema, mama yake alituomba hivyo. Mbele ya kuendesha moto ya taksi hapa mjini, alichimba dhahabu. Kule kwenye machimbo ndiko alianza tramadol. Hakuna mtu alimlazimisha: ukimeza, mgongo hauumi, njaa inakimbia, unashuka kwenye shimo saa sita mfululizo. Mwanzoni vidonge viwili. Aliporudi mjini alikuwa anameza kumi na mbili kwa siku, na hakuvimeza tena ili apate nguvu. Alivimeza ili asiwe mgonjwa.

Kisha alikamatwa. Si Kindu, ilikuwa katika mji mwingine wa mashariki, na buloko hiyo hatutaitaja, juu shida yenyewe si ya buloko moja. Alikaa miezi saba bila kuhukumiwa. Sisi tulipiga kelele. Tuliandika barua, tulikwenda parke, tulichanga pesa za mwanasheria. Siku aliyotolewa, wanne kati yetu tulikuwa pale mlangoni. Tulimununulia mkate na soda. Tulipiga picha, tukaiweka kwenye ukurasa: "Yuko huru!" Watu mia tatu walipenda. Tukamupatia pesa ya safari, tukaenda zetu.

Siku ya tisa baada ya kutoka, mama yake alimkuta chumbani, midomo imekuwa ya bluu. Alikuwa amemeza vidonge vyake kumi na mbili, kama zamani.

Baada ya kuzika tulikaa, tukaulizana nani alijua nini. Infirmye wa buloko alijua: wiki ya kwanza alimuona anatoka jasho, anaharisha, hapati usingizi, mwili wote unamuuma. Wengine walisema malaria, wengine walisema amerogwa. Infirmye alielewa, akaandika kwenye daftari lake. Daftari likabaki kwenye meza. Mwanasheria alijua siku ya kutoka. Muuzaji wa dawa hapa mtaani alimuona anarudi. Sisi tulijua kama anameza, juu alituambia mwenyewe. Na mama, mwenye analala nyumba moja na yeye, hakujua kitu. Hata habari ya mtoto wake kutoka aliipata kwenye simu ya jirani, kupitia picha yetu.

Watu watano, kila mmoja ameshika kipande chake. Hakuna aliyeviweka pamoja.

Tulikwenda kumuona yule muuzaji wa dawa. Tulikwenda na hasira, tuseme kweli. Tulikuta mama wa watoto sita, butike yake ni meza moja na paa la bati. Akatuambia: "Banangu, hakuna mutu aliniambia. Kama mungeniambia, ningemukatalia." Hatujui kama angemkatalia. Lakini kwamba hatukumwambia, hilo tunajua.

Sasa tueleze kidogo mambo ya mwili, juu mitaani kuko uongo mwingi. Tramadol si sumu na si uchawi. Ni dawa ya kweli, Wajerumani waliitengeneza mwaka 1962 na wakaanza kuiuza 1977. Daktari anaipatia mtu mwenye alivunjika mguu ama alipasuliwa. Kapsuli ya kawaida ina miligramu 50, na mtu mzima hapaswi kupita miligramu 400 kwa siku nzima. Iko katika jamii moja na morfini na heroini, jamii ya afyuni. Dawa za jamii hii zinatuliza maumivu, lakini zinatuliza pia pumzi. Ukizidisha, pumzi inapungua, inapungua, inasimama. Tramadol inaongeza balaa yake nyingine: inaweza kumuangusha mtu kama mwenye kifafa.

Mtu akimeza kila siku, mwili unazoea. Kumi na mbili inakuwa kama mbili za zamani. Akiacha miezi saba, mwili unasahau ile mazoea. Lakini hamu haiondoki, na kichwa bado kinahesabu kumi na mbili. Kwa hiyo hatari kubwa haiko wakati mtu anakunywa kila siku, wala wakati amefungwa. Iko katika zile siku za kwanza nje, wakati familia inashangilia, marafiki wanaleta bia, na kila mtu anasema: "Sasa amepona, buloko ilimunyoosha." Bia na tramadol pamoja ni mbaya zaidi, juu zote mbili zinakandamiza pumzi.

Hili lilishapimwa. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti walifuata watu 30.237 wenye walitoka magereza kati ya 1999 na 2003. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 kuliko raia wengine wa jimbo. Kwa kifo cha kuzidisha dawa za kulevya, ilikuwa mara 129. Tusome tena: mara 129. Mtaniambia Marekani si Maniema, kule dawa ni zingine na pesa ni zingine. Ni kweli. Lakini pumzi ya mtu wa Kindu inasimama vilevile kama pumzi ya mtu wa kule.

Siku tisa za mwenzetu ziko ndani ya zile wiki mbili.

Sheria inasema nini? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema kila mwenye kufungwa atendewe kwa namna yenye inalinda maisha yake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya kwa wote. Na tarehe 17 Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni juu ya wafungwa, zile zinaitwa Kanuni za Mandela. Kanuni ya 24 inataka huduma za afya za gereza zifanye kazi karibu na huduma za afya za raia wote, ili matibabu yasikatike, na inataja kwa jina ugonjwa wa kuzoea dawa za kulevya. Hatuombi zawadi.

Tunajua hali ya buloko za nchi hii. Makala ya Kinshasa ilijengwa kwa watu 1.500 na ikabeba zaidi ya 10.000. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2024 watu 129 walikufa mle, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Mwezi uleule serikali ikatoa wagonjwa zaidi ya 1.600. Kuwatoa lilikuwa jambo zuri, tunalisema bila kigugumizi. Swali letu ni moja: kati ya hao, wangapi walitoka na karatasi yenye inaeleza ugonjwa wao, na wangapi walikuta mtu anawangojea?

Kwetu shida inazidi juu ya namna watu wanatoka. Wengi hawajahukumiwa, kwa hiyo hakuna tarehe. Karatasi inatoka parke siku yoyote, mlango unafunguliwa, pengine jioni. Ukiuliza buloko, wanasema afya ni kazi ya hospitali. Ukiuliza hospitali, wanasema mgonjwa huyo hawajawahi kumuona. Wote wawili hawadanganyi.

Na musifikiri kupokezana mgonjwa ni jambo la wazungu. Tunalifanya hapa hapa. Mgonjwa wa kifua kikuu akihama, anapewa karatasi ya uhamisho: ameanza dawa lini, amebakiza miezi mingapi, anakwenda kituo gani. Mwenye kutumia dawa za virusi vya ukimwi ni vilevile. Kila muuguzi anaijua karatasi hiyo. Kwa nini hakuna karatasi kwa mwenye tramadol? Juu huyo tunamuona ni mtu mbaya, si mgonjwa. Tena kama ni msichana ndiyo hatari zaidi, familia inamficha kabisa. Hakuna sababu nyingine, tumetafuta.

Majirani zetu walishaanza. Tanzania walifungua huduma ya metadoni pale Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011. Kenya walifuata Desemba 2014, pale Mathari, Nairobi. Metadoni ni dawa ya jamii hiyohiyo ya afyuni, lakini mtu anaikunywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, haimpatii ile kulewa, inamtoa kwenye kutetemeka ili aweze kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005, pamoja na buprenofini. Na Mombasa walielewa jambo lenye sisi tulilielewa baada ya kuzika: kliniki ya metadoni waliiweka pale gereza la Shimo la Tewa, ili mtu asikatiwe dawa juu amefungwa.

Mfano wenye ulitugusa zaidi unatoka Rhode Island, jimbo dogo la Marekani. Mwaka 2016 walianza kuwapatia wafungwa dawa hizo ndani, na kabla ya mtu kutoka wanamupangia kituo cha kuendelea nje. Katika miezi sita ya kwanza ya 2016, watu 26 wenye walitoka gereza karibuni walikufa kwa kuzidisha dawa. Katika miezi sita ya kwanza ya 2017, walikufa 9. Kuko watu 17 kati ya hizo hesabu mbili.

Sawa. Kindu hatuna kliniki ya metadoni. Vituo vyenye vinajulikana kwa magonjwa ya akili viko mbali, kama SOSAME ya Bukavu ama CNPP ya Kinshasa, na ninyi munajua kutoka hapa mpaka Bukavu ni safari ya namna gani. Tutaendelea kuomba dawa hizo zifike, na tutauliza wizara ya afya, yenye iko na programu ya taifa ya kupambana na ulevi wa madawa, Maniema iko fasi gani katika mipango yake. Lakini hatutakaa kungoja ndege. Sehemu kubwa ya kilichomuua mwenzetu haikuomba dawa ya ng'ambo. Iliomba daftari litoke kwenye meza.

Tunachopendekeza ni hiki. Mtu akiingia buloko, aulizwe anameza nini na kiasi gani, na iandikwe na infirmye, si na polisi. Tunasisitiza hapo. Kama karatasi hiyo itakuwa ushahidi wa kumshitaki, hakuna mtu atasema kweli, na itakuwa vizuri isiwepo kabisa. Asikatiwe vidonge ghafla bila daktari kumuona: daktari anaweza kupunguza kidogo kidogo, na hiyo inawezekana hata hapa. Kabla ya kutoka aelezwe kwa lugha yake, kwa Kingwana, si kwa Kifaransa cha ofisi: "Mwili yako haiko ile ya zamani. Ile kipimo ya zamani itakuua." Mwenzetu hakuna mtu alimwambia maneno hayo. Ni sentensi mbili.

Akitoka, awe na karatasi moja iliyokunjwa: dawa gani, mara ya mwisho lini, kituo cha afya cha kartie yake, na jina la mtu mmoja mwenye yeye mwenyewe alichagua. Pengine ni mama. Pengine mama ni mtu wa mwisho anayetaka ajue, tumheshimu. Na akikataa yote, ni haki yake pia, hatutamfuata kama polisi.

Halafu simu moja. Parke ikituma karatasi ya kumtoa, karani wa buloko ama infirmye anapiga namba moja. Hiyo namba tunaitoa sisi, tutalipia sisi. Mtu mmoja anakwenda mlangoni. Hapigi picha. Anatembea naye mpaka nyumbani, anarudi kesho yake, anarudi tena, siku 14. Kituo cha afya kiko na wareko wenye wanazunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na malaria. Tunaomba wafundishwe jambo hili pia, juu wao wanajua kila mlango.

Hii yote inaomba idara ya afya ya jimbo na watu wa sheria wakae meza moja na watie sahihi ukurasa mmoja. Tumeshaandika barua kwa pande zote mbili. Tutawaambia hapa kama walijibu, na kama hawakujibu pia tutawaambia.

Kwa wauzaji wa dawa: hatuji na polisi. Tunakuja kukaa na ninyi. Tunajua tramadol inalipa karo ya watoto wenu. Tunawaomba mkimuona mtu amerudi baada ya miezi, musimpatie kipimo cha zamani, na mutupigie.

Sasa jambo lenye kila mtu hapa lazima aondoke nalo. Ukikuta mtu amelala, unamwita hajibu, pumzi yake ni ya polepole ama anakoroma vibaya, midomo inageuka rangi: muite kwa nguvu, msugue mfupa wa kifua kwa ngumi. Kama haamki na bado anapumua, mlaze kwa ubavu, mdomo uangalie chini kidogo, matapishi yasimzibe. Kama pumzi imesimama, mfungue njia ya hewa, inamisha kichwa nyuma, mpulizie mdomoni ukiwa umeziba pua. Kama anatupatupa mikono na miguu, ondoa vitu pembeni, usimshike, usimwekee kijiko mdomoni. Usimmiminie maziwa. Usimmiminie mafuta ya mawese. Tunajua nyumba zetu, kitu cha kwanza ni maziwa, na mtu mwenye hajiwezi anayapeleka kwenye mapafu. Usimuache alale "mpaka itatoka". Mpeleke hospitali na useme wazi amemeza nini. Kuko dawa inaitwa naloksoni, inaweza kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Scotland, tangu 2011, wanawapatia watu wakitoka gereza. Kwa tramadol haifanyi kazi yote, lakini inasaidia. Tumeiweka katika barua yetu: iwepo kwenye chumba cha dharura, si kwenye karatasi ya mahitaji tu.

Na musiogope kusema kweli kwa daktari. Mama wa mwenzetu alipofika hospitali alisema mtoto ameanguka. Aliona haya. Hatumlaumu hata kidogo, haya hiyo sisi wote tuliijenga.

Sasa kazi. Kasuku tuko na watu wanne wenye walijiandikisha, Mikelenge watatu. Alunguli hatuna hata mmoja, na Alunguli ndiyo inaomba watu wanaolala kule kule, juu usiku kuvuka mto na mtu anayetetemeka haiwezekani. Tunataka wawili leo, kama inawezekana mmoja awe msichana. Mwenye kinga nzuri aseme. Mwenye alishapita katika ugonjwa huu na akatoka, atakuja kutuona pembeni, si lazima asimame mbele ya watu. Daftari liko kwa dada yetu mwenye kitambaa cha kijani, pale karibu na mlango. Jumamosi saa tatu asubuhi tutakutana tena hapa, infirmye mmoja amekubali kuja kutufundisha ile ya kulaza kwa ubavu. Kuja na mkeka.